Hali ya Hewa ya Kumtembeza Paskazia

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Jua limetoka mapema. Upepo kidogo kutoka upande wa ziwa. Vumbi la kawaida. Kwa mtu mwenye akili timamu, hii ni hali ya hewa ya kutembea. Kwa mke wangu Paskazia ni jua la kuua mtu.

Naanza kuandika leo kwa sababu ya goti lake. Mwezi wa nane bodaboda ilimwangusha pale njia panda akitoka kuuza vitenge vyake makambini kwa wachimbaji. Mguu ukavunjika. Mwezi uliopita wamemtoa hogo, ile plasta nzito, na mtaalamu wa viungo kule Geita akatuambia nikisikia kwa masikio yangu: mfupa umeunga vizuri, kilichobaki ni kutembea. Kila siku, kidogo kidogo. Akikaa, goti litaganda hivyo lilivyo na halitakunjika tena. Alhamisi ya wiki ijayo tunarudi, alipime. Tangu tutoke kwake Paskazia ametembea kutoka kitandani hadi kwenye mkeka barazani, na kutoka mkekani hadi chooni. Hiyo si safari.

Kila asubuhi namwambia tutoke. Kila asubuhi anatazama juu na kupata sababu. Lakini mimi si mtu wa kushindwa kirahisi. Nina duka la vifaa vya wachimbaji hapa Nyarugusu: kamba, tochi, viroba, sululu, na moko za kupasulia mwamba. Nimewahi kumuuzia kamba mtu aliyekuja kuomba chenji. Nitashindwaje na mke wangu mwenyewe?

Mpango: kuandika hali ya hewa kila siku, kwa ushahidi. Akisema jua kali, nitamsomea.

Leo nilimwambia jua ni la wastani. Akasema basi nikalale hapo uani niwe mfano. Nikalala. Nilipoamka nilikuwa nimeungua upande mmoja wa uso. Paskazia akanipaka mafuta ya mgando, akinishika kidevu kama mtoto. Hali ya hewa: haikufaa. Nimekubali kwa leo tu.

Jumanne, 5 Novemba

Mawingu. Jua hakuna hata la dawa. Nikamwambia Paskazia hoja yake ya jana imejibiwa kutoka juu. Akasema mawingu ni mvua, mvua ni utelezi, na utelezi ni hogo la pili. Ningekuwa hakimu ningempa ushindi.

Tatizo ni jirani yetu Benjamini. Karani mstaafu. Mwanawe wa Dar kamnunulia simu inayotabiri mvua, na tangu aipate anasimama kila asubuhi kwenye uzio wake na kuutangazia mtaa mzima, kwa sauti ya mtu aliyeitengeneza mvua mwenyewe. Leo katangaza mvua saa nane mchana. Nikapinga. Nilisema hadharani kwamba sisimizi wa nyumbani kwangu hawajahamisha mayai, kwa hiyo mvua hakuna. Paskazia akasema vizuri, atasubiri saa nane aone nani mkweli, na nikiwa mimi atatoka.

Saa nane, kavu. Saa tisa, kavu. Nilipita mbele ya uzio wa Benjamini mara kadhaa, polepole, nikitazama juu. Halafu nikaenda kumchukua mke wangu, nikamkuta ameshasimama, mkongojo mkononi. Kabla hatujafika getini lilidondoka tone la kwanza, kubwa, kwenye kipara changu. Benjamini alitoka nje na mwavuli. Hakwenda popote, alisimama tu.

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi tulivu, mawingu mepesi. Usiku nimewaza sana nikaona kosa langu. Kupigana na Benjamini ni kupoteza nguvu. Mtu wa aina ile unamnunua.

Nilimpelekea kamba mpya ya kumfungia mbuzi wake, ile ya rangi ya machungwa, imara. Makubaliano: asogee karibu na dirisha letu na kutangaza kwamba hali ya hewa ya leo inafaa kwa matembezi mafupi. Basi. Nilimfundisha maneno hayo mpaka akayashika. Lakini mtu akishaonja umaarufu hashikiki. Alipofika dirishani alisema hali ya hewa inafaa kwa matembezi mafupi, hasa kwa akina mama waliotolewa hogo hivi karibuni, na hasa zaidi kwa wakazi wa nyumba yenye mlango wa bluu.

Mlango wetu ndio wa bluu.

Paskazia alifungua dirisha. Akamwamkia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamuuliza kamba ya mbuzi wake imetoka duka gani, maana rangi ile anaijua. Benjamini akasema ameiokota. Hata kudanganya hawezi, na alikuwa mtumishi wa serikali!

Nikajaribu kuokoa. Nikamwambia mke wangu kwamba kamba ni kamba na hali ya hewa ni hali ya hewa. Akasema yaya. Akikataa kwa Kiswahili huwa kuna nafasi ya mazungumzo. Akisema yaya, kwa Kisukuma cha mama yake, kesi imefungwa na hakimu amekwenda kula.

Alhamisi, 7 Novemba

Jua hadi saa tano, kisha mawingu, kisha upepo, kisha jua. Yaani kila kitu. Nikagundua kwamba nimekuwa mjinga. Badala ya kutafuta hali ya hewa inayofaa, kwa nini nisimtengenezee Paskazia hali ya hewa yake mwenyewe, ambayo anatembea nayo?

Nilichukua turubai dukani na fito. Nikatengeneza paa. Wabebaji: Benjamini mbele, kwa kufidia aibu ya jana; nyuma Chacha, mchimbaji wa kutoka Tarime, mteja wangu, mtu wa miraba minne ambaye akikubali jambo haulizi ni la nini. Paskazia angetembea katikati, kivulini, hata mvua ije. Tukaona kwanza tulijaribu barabarani bila yeye, ili aone uzuri wake kutoka barazani.

Tulipofika kwa fundi baiskeli, fundi alisimama akavua kofia. Bodaboda zikapunguza mwendo. Paskalina wa genge la nyanya alitoka mbio akishika kichwa na kuuliza nani ametutoka. Nikamwambia hakuna aliyetutoka, ni paa la mke wangu. Akaanza kulia kabisa. Ilibidi nimpeleke hadi barazani akamwone Paskazia kwa macho yake.

Paskazia alikuwa anacheka. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Kila akinitazama anaanza upya. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa nane. Nilisimama pale na turubai langu na kwa muda sikukumbuka nilitaka nini.

Hakutembea. Kwa hiyo kwenye hesabu ya leo ni kushindwa, na nimeandika hivyo. Lakini alicheka, na hilo sijui niliandike upande gani.

Ijumaa, 8 Novemba

Hali ya hewa sikuipima.

Binti yetu Salome alipiga simu kutoka Mwanza. Nikamweleza mipango yangu yote. Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, kwa heshima zake zote, baba shikamoo tena, lakini je, umewahi kumuuliza mama kwa nini hataki kutoka? Nikamwambia ni hali ya hewa. Akasema nimuulize tu.

Wazo la ajabu. Jioni nikamuuliza.

Paskazia alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu. Kisha akasema yeye mvua haiogopi, ametembea kwenye mvua na vitenge kichwani kabla sijamjua. Akasema makambini kote alikuwa anajulikana kwa mwendo. Wanawake wenzake wakiongozana naye walikuwa wanakimbia kidogo ili wamfikie. Wachimbaji wakimwona mbali walikuwa wanasema yule ni Mama Salome, hakuna mwingine anayetembea vile. "Sasa nitoke na mkongojo," akasema, "ninachechemea, na wao wanapunguza mwendo kunisubiri. Wananipa pole. Mimi hiyo pole siiwezi, Baba Salome."

Nilichukua ungo upande mmoja nikamsaidia kuchambua. Nilitoa mchele nikaacha mawe, akanipokonya.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliumia. Tumeoana tangu Salome hajazaliwa na nilidhani najua kila kinachomkera. Nilikuwa natazama mawingu, na yeye alikuwa anatazama barabara.

Lakini tatizo likishajulikana, limekwisha. Inatakiwa njia isiyo na watu.

Jumamosi, 9 Novemba

Mawingu mepesi. Njia imepatikana, na sifa ni zangu peke yangu.

Nyuma ya kilima cha Mbogo kuna kijia cha ng'ombe kinachozunguka kwenye vichaka. Hakuna duara hata moja, yaani shimo la mchimbaji, hakuna kibanda. Wenye ng'ombe wamehamia bondeni. Njia ya kifalme kwa mtu asiyetaka kuonwa. Nilifunga duka, nikachukua kiroba na nyundo ndogo, nikaenda kuikagua kabla ya kumwambia.

Nilifanya kazi ya uangalifu. Nilitembea polepole sana, kwa mwendo wa mgonjwa, macho chini. Kila jiwe linaloweza kumkwaza nililiokota. Mengine niliyapasua kwanza kwa nyundo, kwa kuwa yalikuwa mazito, kisha nikatia vipande kwenye kiroba nikavimwage mbali, nisije nikaharibu njia ya mtu mwingine. Palipokuwa na shimo nilichoma fimbo kupima kina. Kwenye kona nzuri zenye kivuli niliweka alama ya tawi, ili niwe nakumbuka mahali pa kumpumzisha.

Siri niliilinda. Wanawake wa kuni walipopita nilijibanza nyuma ya kichaka hadi wakaondoka. Nadhani waliniona kidogo. Kijana mmoja wa pikipiki aliniuliza natafuta nini, nikamwambia hakuna kitu, natembea tu. Baadaye akaja Chacha. Akanisalimia vizuri, shikamoo mzee Maige, akaniuliza niko kwenye shughuli gani huku. Nikamjibu hivyo hivyo, natembea tu. Akatazama kiroba. Akasema kinaonekana kizito, akajitolea kunibebea. Nikakikumbatia nikamwambia hapana, asihangaike, ni mawe tu, na tafadhali asimwambie mtu. Chacha akatazama kulia na kushoto. Akasema sawa mzee, nimeelewa. Kijana mwelewa sana.

Jioni nikamwambia Paskazia kuhusu njia. Alinitazama nilivyochubuka mikono. Akauliza kama kweli hakuna watu. Nikaapa, hata panya. Akasema kesho baada ya misa, kama hali ya hewa itafaa, atajaribu.

Jumapili, 10 Novemba

Sina moyo wa kuandika lakini nitaandika.

Kulipokucha kulikuwa na foleni dukani. Jumapili! Waliomaliza moko wakahamia kwenye sululu, waliomaliza sululu wakachukua majembe, kisha kamba, kisha viroba hadi vile vilivyoliwa na panya. Wote walinisalimia kwa heshima ya ajabu. Mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili. Nikadhani ni baraka, sikuuliza. Nikawahi misa, nikashukuru.

Hali ya hewa ilikuwa kama nimeiagiza. Mawingu mepesi, upepo mdogo, ardhi imeshika unyevu kidogo bila utelezi. Hata Benjamini alisema simu yake haina pingamizi. Paskazia alitoka chumbani amevaa kitenge chake cha zambarau, kile cha Pasaka, na viatu. Viatu vyote viwili. Tangu mwezi wa nane alikuwa anavaa ndala mguu mmoja tu. Alikuwa amejipaka na mafuta. Alinishika mkono, tukatoka getini, tukapita nyuma ya nyumba, tukakunja kona.

Kilima cha Mbogo kilikuwa kimejaa watu. Kimejaa, hadi kileleni. Sululu zinapanda na kushuka. Mashimo kila mahali. Mtu ameshaweka jiko anauza chai, na Paskalina kahamishia nyanya zake pale pale nilipokuwa nimeweka tawi la kwanza. Rashi. Hapa kwetu neno hilo likitamkwa, kwamba dhahabu mpya imeonekana mahali, hata aliye kitandani anavaa viatu na kukimbia.

Paskazia akaniuliza, taratibu, jana nilifanya nini huku. Nikamweleza. Akauliza walipouliza niliwajibu nini. Nikamweleza. Akafumba macho. Ndipo na mimi nikajisikia nilivyojibu. Nyarugusu mtu mzima hatembei tu. Anakwenda dukani, shambani, msibani au duarani. Akionekana anakwenda polepole, macho chini, anapasua mawe, anayatia kwenye kiroba, anaweka alama na kusema hakuna kitu, basi huyo amepata.

Watu wakatuona. Walianza kushangilia. Chacha alikuja mbio, tope hadi magotini, kuniambia kwamba wamenitunzia sehemu yangu, palipo pazuri kuliko pote, na wameshaanza kunichimbia duara kwa heshima ya mwanzilishi. Niligeuka kumwonyesha Paskazia na Paskazia hakuwepo. Alikuwa anarudi nyumbani peke yake, ameshika ukuta wa nyuma ya nyumba.

Nilimkuta barazani anavua viatu. Hakunigombeza. Ningetamani anigombeze. Aliviweka pamoja, vizuri, akavisukuma chini ya kiti kabisa, mahali ambapo mtu huweka kitu ambacho hana mpango nacho.

Jumatatu, 11 Novemba

Naandika nimejifunika blanketi.

Asubuhi jua, anga safi. Nilipanda kilimani kuwaambia ukweli. Nilisimama juu ya jiwe nikasema hapa hakuna dhahabu, hii ni njia ya mke wangu ya kufanyia mazoezi. Wakacheka sana. Mzee mmoja wa kutoka Runzewe alisema hata yeye angekuwa mimi angesema hivyo hivyo. Nikaapa kwa Mungu, wakaongeza kasi ya kuchimba. Kila nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kuniamini.

Basi nikabuni jambo. Nikawatangazia kwamba inakuja mvua kubwa, yenye radi, na mashimo haya yatajaa, wakimbie waokoe maisha. Benjamini alikuwepo. Ndiyo, Benjamini naye, na jembe, suruali amekunja. Akatoa simu akawasomea: leo kavu kuanzia asubuhi hadi jioni. Wakamshangilia yeye. Nikasogea kumnyang'anya ile simu, nikakanyaga ukingo, nikatumbukia kwenye duara langu la heshima. Si refu, lakini walikuwa wamelichimba kwa upendo. Mguu ukatitia kwenye udongo laini hadi pajani na ukagoma kutoka.

Nikiwa humo ndipo mvua ilipokuja.

Sijui ilitokea wapi. Ilianguka yote kwa pamoja, na radi. Watu walishuka kilimani kama maji yenyewe. Benjamini alinipita juu akiwa amekumbatia simu, hakutazama chini. Chacha peke yake alirudi. Alivuta mkono wangu mpaka bega likalia, tope likavuta upande wake. Akasema mzee, tulia, nakwenda kutafuta kamba. Kamba zote za Nyarugusu nilikuwa nimeziuza jana kwa watu waliokuwa wanakimbia. Nikabaki. Maji yakafika kiunoni. Nakiri niliogopa. Nilifikiria kwamba nikifia hapa wataandika nimekufa nikichimba dhahabu, na Paskazia peke yake ndiye atakayejua nilikuwa natengeneza njia.

Kisha nikasikia mkongojo. Unapiga jiwe, unanyamaza, unapiga jiwe.

Alitokea ukingoni amelowa chapachapa, kitenge kimemganda, tope hadi kwenye goti lile lile. Chacha alikuwa amepita nyumbani kuomba kamba na yeye hakumpa kamba, alitoka naye. Amepita barabara kuu. Saa saba mchana, watu wote wako kwenye vibaraza wakijikinga mvua. Aliinama kunitazama.

"Baba Salome," akasema, "hii ndiyo umeipima ukaona inafaa?"

Nikamwambia ilikuwa nzuri asubuhi. Akakaa chini kwenye tope, akavua kitenge cha juu akakipitisha kwapani mwangu, ncha moja akampa Chacha na nyingine akashika mwenyewe. Akasema vuta. Alivuta yeye mwenyewe akijizuia kwa miguu yote miwili. Miwili, nimeona kwa macho yangu, goti limekunjika na limekunjuka. Nilitoka kama mhogo. Kiatu kilibaki.

Tukarudi kwa barabara kuu, kwa kuwa kijia hakipo tena. Mimi kiatu kimoja, tope hadi masikioni, natetemeka, namwegemea. Yeye anachechemea, mkongojo mkono mmoja na mume mkono wa pili. Vibarazani kote watu walisimama. Nikahisi mkono wake unakaza. Nikaomba moyoni wasimpe pole.

Hakuna aliyempa pole. Hakuna aliyeutazama mguu wake hata kidogo. Walikuwa wananitazama mimi. Fundi baiskeli alilazimika kukaa chini kwa kucheka. Mama mmoja alimwita Paskazia kwa salamu za asubuhi ingawa ilikuwa mchana, mwangaluka mayu, akamuuliza umemwokota wapi huyo. Paskazia akajibu amemwokota kilimani, ndiyo dhahabu pekee iliyotoka. Barabara nzima ikacheka, na yeye akacheka, na ule mkono ukalegea. Kutoka hapo alitembea polepole kwa kupenda. Alisimama kwa kila mtu akamsimulia. Mimi nilikuwa naganda kwa baridi na sijawahi kufurahi hivyo.

Jumanne, 12 Novemba

Mafua. Homa. Jua zuri nje, sina habari nalo. Paskazia alikwenda mwenyewe duka la dawa akarudi. Nikamuuliza hali ya hewa ikoje. Akasema hakuangalia.

Alhamisi, 14 Novemba

Geita na kurudi. Mvua njiani, kisha jua.

Mtaalamu alilikunja goti, akalikunjua, akalikunja tena, akaita mwenzake aje aone. Akamuuliza Paskazia amefanya mazoezi gani. Paskazia akasema alikwenda kumtoa mume wake shimoni. Yule mtaalamu akacheka, akasema chochote alichofanya aendelee nacho, ila aongeze umbali taratibu. Goti halijamalizika kupona, likizoea kukaa litarudi lilikotoka.

Nimewaza njia nzima ndani ya gari. Sasa kila kitu kiko wazi. Mipango yangu yote ilikuwa sahihi, nilikosea jambo moja dogo tu: nilikuwa namtafutia Paskazia mahali pa kwenda. Mtu wa aina yake hahitaji mahali. Anahitaji mtu wa kumfuata. Mvua haina neno, jua halina neno, watu hawana neno, ilimradi niwe nimekwama mahali.

Mpango mpya. Kilima cha Mbogo ni karibu mno, na mtaalamu kasema tuongeze umbali. Kule mtoni, upande wa juu, kuna bonde lenye matope ya kuaminika. Jumamosi nitakwama huko, si kwa kina kirefu. Nimeshaongea na Chacha: ikifika saa nne atapita nyumbani akiwa na wasiwasi. Nimemfanyisha mazoezi ya uso. Wiki inayofuata nitapotelea mbali zaidi. Nimeificha siri hii vizuri kabisa, Chacha tu ndiye anayejua, na Benjamini, kwa sababu nilihitaji kujua mvua itanyesha saa ngapi.

Jioni hii nilikuwa napiga viatu vya zamani brashi, vile ambavyo sitajali vikibaki kwenye tope. Paskazia alikuwa mkekani anakunja vitenge vyake, kesho anarudi makambini. Akauliza navisafisha vya nini. Nikamwambia naangalia tu kama hali ya hewa ya Jumamosi itafaa kutembea.

Akasema inafaa. Akaendelea kukunja. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba nikienda huko mtoni nivae sweta na nile vizuri kabla ya kutoka, maana atachelewa kidogo kuja kunichukua. Jumamosi ana wateja wengi.

Sijui amejuaje habari za mtoni. Nitamuuliza Chacha. Sweta nimelitoa, nimeliweka juu ya kiti.